Nyuso 12 za Feri zinahitaji spika ngapi?

Swali: "Mimi ni mchoraji wa Dar es Salaam. Nimemaliza picha 12 kubwa za wanawake wanaopara na kukaanga samaki pale soko la Feri. Nimepata ukumbi mtupu wa saruji kwa wiki tatu. Nataka mtu akiingia azame kabisa: picha pande zote, na sauti ya soko niliyorekodi kwa simu ikirindima kwenye spika mbili kubwa za kukodi. Nataka kazi iwe kioo cha jamii. Mwenzangu mmoja anasema sauti itaua picha. Mwalimu, yuko sahihi? Na nifanyeje ili isiishie kuwa kelele?"

Jibu:

Dada yangu, kwa mpango huu ulioueleza, mwenzako yuko sahihi. Spika mbili kubwa zikirusha kelele ya soko ndani ya ukumbi wa saruji, picha zako zitageuka mapambo ya hiyo kelele. Mtu wa Dar anaijua Feri. Sikio lake litaitambua ndani ya nusu dakika, litasema "aha, sokoni," na kazi yake imeisha. Atapiga picha mbili za simu, ataondoka.

Ila akiendelea kusema kwamba sauti yoyote huua picha, hapo simfuati. Yapo maonyesho ambayo ukizima sauti, michoro inabaki nusu. Mimi huwa nayapima kwa swali moja: je, aliyemo ukumbini anaweza kutoka kwenye umati akamfikia mtu mmoja, kisha akarudi kwenye umati akiwa anamjua huyo mmoja? Akiweza, umemwonyesha jamii. Asipoweza, umemwonyesha fujo tu, na fujo anayo bure kituo cha daladala. Nitakupitisha kwanza kwenye kazi za wengine, halafu tuje kwenye saruji yako, maana hiyo saruji ni adui mkubwa kuliko unavyodhani.

Nianze na Lubaina Himid. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akafiwa na baba angali mtoto mchanga, mama yake akampeleka Uingereza na huko ndiko alikokulia. Mwaka 2017 alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata. Wengi humtaja kama mchoraji wakasahau kwamba alisomea kwanza ubunifu wa majukwaa ya tamthilia. Ukilijua hilo, kazi yake ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money inakufungukia haraka. Ni watu 100 wa plaiwudi, wamekatwa kwa kimo cha binadamu, wamepakwa rangi, wamesimamishwa sakafuni. Hakuna cha ukutani. Unapita katikati yao, begani kwa begani, kama uliyechelewa kufika kwenye shughuli ya watu.

Hao 100 ni Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, wapiga viola, wafinyanzi, wachora ramani, wafunza mbwa, walimu wa dansi. Katika michoro ya kale ya Ulaya watu wa namna hiyo huonekana pembezoni, wameshika sinia au kamba ya mbwa, wamewekwa pale ili mwenye nyumba aonekane ana mali. Himid akawatoa pembezoni akawapa ukumbi mzima.

Kisha ndipo inakuja sauti. Unasikia muziki, na ndani ya muziki maneno ya watu hao, mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule mfupi: jina langu ni fulani, wao wananiita fulani, zamani nilikuwa nafanya hiki, sasa nafanya hiki, lakini ninacho kitu fulani. Maneno hayo yamebandikwa pia mgongoni mwa kila mmoja, kwenye karatasi ya hesabu mfano wa ankara ya dukani.

Hebu tazama sauti inafanya nini hapo. Ukiwaangalia kwa macho tu, unaona mavazi ya fahari, rangi kali, watu wamesimama wima. Ungeweza kusema wamependeza na mambo yao ni mazuri. Ni sauti inayokuambia kwamba jina wanaloitwa si lao. Wala hakuna mlio wa mnyororo, hakuna kilio, hakuna mjeledi. Msanii dhaifu angeviweka vyote vitatu. Himid ameiachia rangi iseme fahari na sauti iseme hasara, na wewe unabaki katikati huku vitu viwili vikikuvuta. Halafu kuna hili, ambalo naomba uliandike mahali: watu ni 100, lakini masikio yako yanapewa mmoja kwa wakati.

Tusidhani pia kwamba kuoanisha picha na sauti ni mtindo uliozaliwa kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Lubumbashi, kusini mwa Kongo, miaka ya 1960 na 1970, familia za wafanyakazi zilitundika sebuleni michoro iliyopakwa mara nyingi juu ya gunia la unga: mamba muntu, yaani nguva wao, gereza la enzi za Wabelgiji na mfungwa akichapwa viboko. Waliiita ukumbusho. Haikuwekwa pale kwa ajili ya kupendezesha ukuta pekee. Mgeni akikaa, akiinua macho, mazungumzo yanaanza, na mwenye nyumba anasimulia.

Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, aliufikisha utaratibu huo mbali kuliko wenzake wote. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu pale Lubumbashi, historia ya nchi nzima katika michoro 101. Na hakuikabidhi akaondoka. Alikaa mbele ya rekoda akasimulia mchoro baada ya mchoro, kwa Kiswahili cha kwao. Masimulizi yale yamenakiliwa na kuchapishwa, unaweza kuyasoma yalivyomtoka mdomoni, Kifaransa kikichungulia humo humo. Michoro yenyewe ipo Amsterdam. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hajulikani aliko.

Mchukue Lumumba wake. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Tshibumba alipochora kifo hicho aliweka misalaba mitatu kwa mbali, na katika masimulizi yake akamlinganisha Lumumba na Yesu. Picha inaweka misalaba. Mdomo unaubeba uzito wa kuisema. Na kwa kuwa Fabian alikuwa anauliza, anapinga, anataka ufafanuzi, kanda zina kitu ambacho mchoro hauwezi kuwa nacho: mtu anafikiri mbele yako, anajirekebisha, anashikilia lake. Wewe, dada, una saa kadhaa za kelele za Feri kwenye simu. Sijaona kwenye barua yako kwamba una hata dakika moja ya mwanamke mmoja akizungumza.

Sasa tuone namna ya kuwapanga. Janet Cardiff, msanii wa Kanada, mwaka 2001 alichukua wimbo wa kanisani wa karne ya 16, utunzi wa Thomas Tallis wenye sauti 40 tofauti. Akarekodi kila mwimbaji na maikrofoni yake, kisha akasimamisha spika 40 kwa duara la mviringo wa yai, kila spika mwimbaji mmoja, kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Ukisimama katikati, kwaya inakufunika. Ukisogea hadi kwenye spika moja, umbali wa watu wawili wanaoongea, kwaya inarudi nyuma na unamsikia mtu: anavuta pumzi, anakosea kidogo, anapata. Kabla ya wimbo kuanza kuna dakika chache ambazo wanakohoa, wanapiga soga, wanasafisha koo. Hakuna mchoro hata mmoja katika kazi hiyo, lakini naitaja kwa kila mchoraji anayeniuliza habari za sauti, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho spika mbili kubwa haziwezi kamwe: mgeni anatembea na miguu yake kutoka kwa wengi hadi kwa mmoja. Hakuna aliyemwambia. Amechagua mwenyewe nani wa kumsikiliza na nani wa kumpita. Hapo umeshagusa jamii kabla hujaweka neno lolote.

Emeka Ogboh wa Nigeria alitumia njia inayofanana na hiyo kwenye Biennale ya Venice, onyesho kubwa la sanaa la kimataifa huko Italia, mwaka 2015. Wimbo wa taifa wa Ujerumani uliimbwa na Waafrika wanaoishi Berlin, kila mmoja kwa lugha ya kwao, lugha 10 kwa jumla, zikiwemo Kiigbo, Kiyoruba, Kilingala na Kikongo. Wimbo ni uleule, taifa ni lilelile, na swali la nani anahesabiwa kuwa mwenyeji linaulizwa bila mtu kulitamka.

Nikutajie na upande uliokwama, maana ndiko mpango wako unakoelekea. Mwaka 2015 National Gallery ya London ilifanya onyesho la kazi sita za sauti, kila moja imetungwa kwa ajili ya mchoro mmoja wa jumba hilo, vyumba vikiwa na giza. Wahakiki wengi hawakuwa na huruma. Chris Watson, bingwa wa kurekodi sauti za asili, aliuchagua mchoro wa ziwa Keitele la Finland uliochorwa na Akseli Gallen-Kallela mwaka 1905, akauzungushia sauti za mazingira ya nchi za kaskazini. Kazi ya fundi, hilo halina ubishi. Lakini kwa maoni yangu ziwa limechorwa, kisha ziwa linasikika, basi: macho yameambiwa jambo na masikio yameambiwa jambo lilelile. Susan Philipsz, msanii mwingine wa sauti, yeye alichagua mchoro wa mabalozi wawili uliochorwa na Holbein mwaka 1533. Chini, kwenye rafu, pana kinanda cha nyuzi ambacho uzi wake mmoja umekatika, na kwa muda mrefu watu wameusoma uzi huo kuwa ishara ya mfarakano, kwani ndiyo miaka ambayo makanisa ya Ulaya yalikuwa yanapasuka. Philipsz akaushika uzi huohuo, akatengeneza kazi ya violini juu ya kitu kilichokosekana. Wa kwanza alisikiliza mandhari. Wa pili alitafuta mahali mchoro unapouma.

Na zile video za simu unazoziona, kumbi za Paris ambako michoro ya Van Gogh au Klimt inatupwa kwa projekta ukutani na sakafuni huku muziki ukivuma, kama ile Atelier des Lumières iliyofunguliwa 2018 ndani ya kiwanda cha zamani cha kuyeyushia chuma? Zinafurahisha, peleka watoto. Kuzama humo ni kuzama kwa mwili tu. Hakuna anayekusemesha.

Haya, ukumbi wako.

Ingia ukiwa peke yako, piga kofi moja katikati, usikilize. Ukisikia mlio unaning'inia hewani hata baada ya mikono kutulia, basi kila neno litakalosemwa humo litapigana na mkia wa neno lililotangulia. Uwanjani, ukiongeza umbali mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Ndani ya saruji kanuni hiyo inafanya kazi mita chache za mwanzo tu. Baada ya hapo mwangwi unashika usukani na sauti inakuwa ileile kila kona. Maana yake hesabu ya Cardiff, ya kumsogelea mmoja, haiwezekani mpaka uupunguze mwangwi. Ukiongeza sauti ya spika ndiyo unaharibu zaidi, kwa sababu mwangwi nao unapanda.

Kinachosaidia ni kitambaa kizito, kilichokunjamana, kimening'inizwa shubiri moja kutoka ukutani. Kanga iliyobandikwa bapa kwenye ukuta haifanyi lolote isipokuwa kupendeza. Sakafuni tandika mazulia. Hao hao wanaokodisha mapambo ya harusi wanayo, na ni bei rahisi kuliko spika walizokutajia. Magodoro ya sponji yakivalishwa kitambaa na kusimamishwa kwenye nafasi kati ya picha na picha yanafanya kazi kubwa. Usiyafiche nyuma ya picha: kanvasi iliyopakwa rangi imeziba vitundu, mawimbi ya sauti yatagonga na kurudi. Kama paa ni mabati matupu na onyesho linaangukia masika, ujue kabisa mvua ikinyesha onyesho limesimama. Weka viti, watu wasubiri.

Spika mbili kubwa zirudishe. Kwa picha 12 unataka spika ndogo 12, moja kwa kila mwanamke. Hazihitaji kuwa za fahari. Zile ndogo za Kariakoo zenye tundu la memori kadi zinaweza kutosha, lakini zijaribu dukani kabla hujalipa, na jaribio lenyewe ni hili: chomoa umeme, chomeka tena. Je, inaendelea kucheza yenyewe au inangoja mtu abonyeze? Nyingine kila zikiwaka hutoa sauti ya mdada wa Kizungu akitangaza kwamba bluetooth iko tayari. Fikiria umeme umerudi saa kumi jioni, ukumbi umejaa, na wadada 12 wanatangaza bluetooth mbele ya wanawake wako. Ukiona hivyo tafuta aina nyingine, au tumia vichezeo vidogo vya flashi vilivyounganishwa na amplifaya. Zipe nyaya za umeme. Betri zitakusaliti siku ya tatu.

Zikae wapi? Si nyuma ya mdomo wa mtu aliyechorwa, hiyo inakuwa mchezo wa karagosi. Ziweke pembeni ya picha, kwenye kimo cha mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, na sauti iwe ndogo kiasi kwamba mgeni lazima ainame kidogo au asogee. Waambie wanaokuuzia wazo la vihisi, kwamba mtu akikaribia sauti inawaka, asante hapana. Watu wataanza kucheza navyo. Mwanamke anayeongea kwa sababu tu mgeni amefika si yule uliyemchora.

Hapa pana hesabu ndogo. Wote 12 wakiongea mfululizo, umerudi kwenye kelele. Mpe kila mmoja mzunguko wa dakika kama tisa, na ndani yake aongee dakika mbili tu, zilizotawanyika. Zilizobaki awe kimya, au asikike akifanya kazi: kisu kwenye magamba, maji kwenye beseni, kuni zikitiwa chini ya karai. Kwa mpango huo, wakati wowote utasikia kwa wastani sauti mbili hadi tatu ukumbini. Usizifanye dakika tisa kamili zote. Mmoja wa dakika 7 na mwingine wa 11 wataanza pamoja mara moja tu kila dakika 77, kwa hiyo mgeni anayerudi Jumamosi hatakuta mpangilio uleule wa Jumatano. Na katikati ya ukumbi, zile sauti zikichanganyika, ndipo soko lako litakapotokea lenyewe, likiwa limetengenezwa na hao 12.

Ile rekodi yako ya kelele ya Feri usiitupe. Iweke kwenye spika moja mlangoni, nje kidogo, mtu aipite akiingia. Isipokuwa dalali. Kama unaye vizuri kwenye rekodi, yule anayenadi mafungu na kukata bei, mpe spika moja ya kati, kubwa kuliko za wanawake, imewekwa juu. Anyamaze muda mrefu, kisha mara moja kila baada ya dakika 20 hivi aingie kwa nguvu na kuwafunika wote kwa nusu dakika, halafu anyamaze. Mgeni atajiuliza kwa nini sauti moja tu ina haki ya kukatiza za wengine. Hutahitaji kuandika maelezo marefu ukutani kuhusu nani anapanga bei na nani anainama juu ya beseni.

Kurekodi sasa. Usimrekodi mtu Feri penyewe akiongea. Upepo wa bahari na injini za boti zitamla. Soko lirekodi sokoni, mtu mrekodi kwake au popote penye utulivu, maikrofoni ikiwa shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige. Simu nzuri inaweza, ila rekoda ndogo ya mkononi ni bora, na maikrofoni uivalishe sponji. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, si kwa ujumbe wa WhatsApp. Baadaye fundi akukatie mngurumo wote ulio chini ya hezi 120. Kwa sauti za wanawake hutapoteza kitu, na ukumbi utakushukuru.

Na uulize nini? Nakuomba usimwambie, "Mama, nieleze changamoto zako." Swali hilo ameshaulizwa na kila aliyekuja na kamera, na analo jibu lililokwisha kukaririwa. Kumbuka Himid: picha imeshaonyesha kazi, basi sauti iende mahali ambapo picha haifiki. Mmoja ahesabu hela za jana kwa sauti, nauli, kuni, mafuta, mpaka abaki na alichobaki nacho. Mwingine aeleze anavyomtambua kibua wa jana kwa jicho la samaki. Mwingine agombane na mwenzake kuhusu zamu ya mchezo, kama kweli kuna ugomvi na wote wawili wamekubali usikike. Mwingine aimbe anachoimba akiwa peke yake. Waulize majina pia: anaitwaje nyumbani, na wateja wanamwitaje. Usiuchukue mpangilio wa Himid mzima mzima, wajuzi watautambua mlangoni. Chukua hilo swali tu, uone litakupeleka wapi. Na waache wakupinge. Mwonyeshe kila mmoja picha yake, washa rekoda, umwambie aseme umekosea wapi. Nina hakika utapata angalau sauti moja itakayoiambia picha kwamba kisu hakishikwi hivyo. Iweke. Iweke pembeni ya picha hiyohiyo.

Kuna mambo ya kwenye rekodi ya soko ambayo huyasikii mpaka uvae headifoni. Redio ya muuza chai inapiga bongo fleva. Huo ni wimbo wenye mwenyewe, ukutane na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujakutana na mwenye wimbo. Adhana inapita katikati ya mnada. Ama uiache ipite nzima ilivyopita, ama utumie kipande kingine, lakini usiikatekate kuifanya kiungo cha muziki. Na kibali cha onyesho kitafute BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Kuhusu kioo cha jamii. Msemo tunaujua tangu shule ya msingi, na siupingi, ila kioo humwonyesha aliyesimama mbele yake. Watakaokuja kwenye ukumbi wako wengi hawapari samaki; wanawatuma watu kununua. Kama wale wanawake 12 watajiona mara ya kwanza kwenye picha za simu za wageni wa usiku wa ufunguzi, utakuwa umewachora kama wale watumishi wa pembezoni niliokueleza. Kwa hiyo waingie wao kwanza, siku kabla ya wengine, mchana baada ya mnada, nauli juu yako. Kila mmoja asikilize sauti yake pale pale ukumbini, kwenye spika yake, kwa sababu kusikiliza kwenye simu na kujisikia mbele ya watu ni vitu viwili. Asiyependa aseme, na uifute, hata kama ndiyo bora kuliko zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inahusu mambo ya namna hii, lakini hata isingekuwepo ningekuambia hivyohivyo. Na jaribu, hata kwa siku mbili, kuzipeleka picha tatu au nne karibu na Feri yenyewe, chini ya turubai, bila giza wala taa za rangi.

Taa nimezitaja, basi niseme: usilifanye giza. Wewe ni mchoraji. Balbu za bei ya chini zinaua nyekundu na kuifanya ngozi ya mtu mweusi iwe ya kijivu. Punguza matumizi kwingine, hapo lipa.

La mwisho ni hela, na hili lifanye kabla hujabonyeza rekoda. Picha utaiuza, na sauti? Mnunuzi akichukua mwanamke wa saba, anachukua na memori kadi yake? Mwenye sauti anapata kiasi gani, na akitaka isipigwe tena baada ya miaka mitatu, nani anamrudishia? Mimi hupendelea makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili: malipo ya siku ya kurekodi yatolewe siku hiyohiyo, asilimia ya mauzo iandikwe kwa tarakimu, na sauti isiuzwe bila ruhusa nyingine ya mwenyewe. Asomewe kwa sauti mbele ya mtu anayemwamini yeye, si unayemwamini wewe. Nakala abaki nayo.